Ukimwita Mdogo Wako, Utamlipa Nini?

Kwetu Kivu neno yaya lina heshima. Yaya ni ndugu yako mkubwa, awe wa kike au wa kiume. Ni yule aliyekubeba mgongoni mama alipokuwa shambani, akala fimbo zako, na hata leo akikuita unaitika mbio. Nilipofika Kakuma mwaka 2011, nikiwa na miaka 12, nilimsikia mwalimu mmoja Mkenya akilalamika kwamba yaya wake ametoroka na sasa anatafuta mwingine wa kumlipa. Nilimuuliza mama mdogo, "Hapa watu wananunua ndugu wakubwa?" Mama mdogo alicheka mpaka akakaa chini.

Machi 2025 sikuwa na kicheko. Mtoto wangu wa kwanza alikuwa na miezi mitatu, likizo ilikuwa imeisha, na mimi mwenyewe nilikuwa natafuta yaya wa kumlipa. Mama yangu yuko Uvira. Mama mdogo, ambaye angemshika huyu mtoto bila hata kuombwa, alishapanda ndege ya Marekani. Kambini tunakuwa na majirani wengi na ndugu wachache, na mtoto mchanga ndiye anayekuonyesha tofauti hiyo.

Swali ambalo nimelibeba tangu wakati ule ni hili: mtu anayelipwa kidogo kwa sababu hana njia ingine, ana haki ya kumlipa kidogo zaidi mtu ambaye ana njia chache kuliko yeye? Sikulipata kwenye kitabu. Lilinipata nyumbani kwangu, na sikulijibu vizuri.

Kwanza niseme kazi yangu. Nina kidato cha nne, na ninafanya kazi na vijana katika kituo kimoja hapa kambini. Tunafanya michezo, mijadala, na zaidi ya yote tunawatafuta vijana walioacha shule na kuzungumza na wazazi wao ili warudi. Kila mwezi napata shilingi 8,000. Hiyo pesa haiitwi mshahara. Inaitwa insentivu, na kwenye karatasi za Kiswahili wanaandika "motisha". Mwenzangu Mkenya, ambaye tunagawana naye meza na ripoti moja, anapata mara nne ya hiyo, na yake inaitwa mshahara. Ni mtu mzuri na hili si kosa lake. Lakini wasomaji wenzangu mnaojua motisha mnaelewa vile neno linavyouma. Mshahara ni haki yako, umeufanyia kazi. Motisha ni kama pipi, unapewa ili usichoke haraka.

Tumelalamika mara nyingi. Jibu tunalijua kwa moyo: mkimbizi kupata kibali cha kazi si jambo rahisi, bajeti imepungua, halafu wako wengi wanaoitamani nafasi yako. Yote ni kweli. Bado inauma.

Basi nikaanza kutafuta mtu wa mtoto. Wa kwanza alikuwa koko mmoja jirani yetu, mama mzee wa kutoka Fizi. Alikubali, lakini tayari alikuwa na wajukuu wanne, na mgongo wake haukuweza kwenda mbali. Mimi nilihitaji mtu wa kumleta mtoto kituoni mara mbili kwa siku anyonye. Wauguzi walinifundisha kwamba miezi sita ya mwanzo ni maziwa ya mama peke yake, na kwa joto la Kakuma, bila friji, huwezi kukamua maziwa asubuhi ukategemea yatafika mchana. Kutoka kwangu hadi kituoni ni dakika 25 kwa miguu, na katikati kuna laga.

Wa pili alikuwa mama mmoja wa Kiturkana anayetuletea kuni. Alikuja na mtoto wake mwenyewe mgongoni. Hakuzunguka. Aliniambia, "Mimi nataka mia moja hamsini kila siku. Na mtoto yangu nakuja na yeye." Nilipiga hesabu: siku 26 za kazi, kituo kinafunguliwa hata Jumamosi, ni shilingi 3,900. Karibu nusu ya motisha yangu. Nikamwambia nitafikiri. Ukweli ni kwamba nilikasirika kidogo. Nilijisemea, huyu anafikiri mimi ni shirika?

Wa tatu alikuwa msichana. Jina lake sitaliandika. Anaishi na shangazi yake blok ya nyuma yetu, ni wa kwetu, anaongea kama sisi. Nilipomuuliza anataka ngapi, aliangalia chini, akasema, "Ile utapata, yaya, nitakamata."

Tazama hapo. Mimi ndiye niliyekuwa natafuta yaya, na yeye ndiye aliyeniita yaya. Nikafurahi sana. Nikamwambia, "Wewe ni mdogo wangu. Hapa ni kwenu." Nikamwambia nitampa 2,000 kwa mwezi, "ya sabuni", na atakula kwetu. Sikumuuliza umri. Kazini namuuliza kila kijana umri wake na kuuandika kwenye fomu. Nyumbani kwangu hakukuwa na fomu.

Alikuwa mlezi mzuri, lazima niseme hivyo. Alifika saa moja na nusu asubuhi na kuondoka saa kumi. Alichota maji kabla mfereji haujafungwa, alifua nepi, alimbeba mtoto kwa kitenge akavuka laga mara mbili, kwenda na kurudi, jua likiwa juu ya kichwa. Mtoto alinenepa. Mimi nikaandika ripoti zangu. Jioni nikirudi nilikuta mtoto ameoga, na yeye amekaa mlangoni akichora herufi kwenye vumbi kwa kijiti. Niliona zile herufi. Nilijiambia anapoteza wakati tu.

Ikafika tarehe 16 Juni. Hiyo ni Siku ya Mtoto wa Afrika, iliyowekwa na nchi za Afrika mwaka 1991 kuwakumbuka wanafunzi wa Soweto waliouawa mwaka 1976 walipoandamana kwa ajili ya masomo yao. Kila mwaka kituo chetu hufanya sherehe. Watoto wa shule wanakuja na sare, kuna ngoma, kuna maigizo, na wageni wa mashirika wanakaa chini ya turubai. Mwaka huo mimi ndiye niliyepewa kipaza sauti kuzungumza juu ya watoto wanaokosa shule kwa sababu ya kazi.

Nilikuwa katikati ya maneno yangu aliposimama pembeni na mtoto mgongoni. Saa ya kunyonya ilikuwa imefika. Nilimwonyesha kwa mkono asubiri kidogo. Hapo wasichana watatu wa gredi ya 6, waliokuwa kwenye mstari wa mbele, walimwona. Mmoja akamwita kwa jina kwa sauti, akamwambia, "Njo hapa kwetu! Tulikuwekea nafasi!" Walidhani amerudi shule. Yeye akamgeuza mtoto kutoka mgongoni, akamkumbatia kifuani, na akaficha uso wake nyuma ya kichwa cha mtoto wangu.

Nilimaliza hotuba. Watu walipiga makofi. Nikaenda nyuma ya turubai nikanyonyesha, na nikamuuliza swali ambalo ningemuuliza mwezi wa tatu. Alikuwa na miaka 15. Aliacha gredi ya 6 mwezi wa pili kwa sababu ya sare, vitabu, na aibu ya zile siku za mwezi. Ndiyo kusema, alipokuwa anatafutwa na watu wanaofanya kazi kama yangu, alikuwa nyumbani kwangu.

Baadaye nilisoma kwamba tarehe hiyo hiyo ya 16 Juni ni siku ya kimataifa ya wafanyakazi wa majumbani. Ni kwa sababu tarehe 16 Juni 2011, huko Geneva, Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba namba 189 unaosema kwamba kazi ya nyumbani ni kazi kama zingine. Mtoto wa Afrika na mfanyakazi wa nyumbani wana siku moja. Mimi nilikuwa nao wote wawili katika mtu mmoja, na nilimwambia asubiri kidogo.

Usiku ule nilipiga hesabu upya. Shilingi 2,000 kwa siku 26 haifiki 80 kwa siku. Kwa saa moja ni kama shilingi 9. Halafu nikaona kitu kingine. Motisha yangu ni robo ya mshahara wa mwenzangu. Pesa yake ilikuwa robo ya motisha yangu. Hiyo robo sikuipanga. Mkono wangu uliiandika wenyewe, kana kwamba mtu ameufundisha kwamba kati ya mtu na aliye chini yake kuna robo. Waswahili walishasema, mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Nilimweleza jirani yangu mmoja. Yeye akasema, "Wacha kujitesa. Bila wewe angekaa bure na njaa. Elfu mbili si bora kuliko sifuri?" Hoja hiyo nimeifikiria sana, kwa sababu ina ukweli ndani yake. Lakini ndiyo ile ile tunayoambiwa tukilalamikia motisha. Nikiikataa inaponiangukia mimi, siwezi kuikubali inapomwangukia msichana. Na nikiikubali, basi ninyamaze kabisa, nisiguse tena neno motisha. Kusema "bora kuliko sifuri" ni kumpima mtu kwa njaa yake. Kazi yake haijapimwa bado. Kwa kipimo hicho, mtu akizidi kuwa maskini, wewe unazidi kuonekana mkarimu.

Lakini hilo halikuwa kosa langu kubwa. Kosa kubwa lilikuwa kwenye neno. Nilimwita mdogo wangu.

Kwetu, mdogo wako akikulelea mtoto humlipi. Hiyo ni kweli, na wazee wakisikia unamlipa watakushangaa. Lakini si kwamba ni bure. Dada mkubwa wa mama alilelewa watoto wake wawili na mama yangu, kabla mama hajaolewa. Hakumpa hata faranga. Lakini alimsomesha, alimnunulia kitenge cha kwanza cha kikubwa, mahari ilipojadiliwa alikaa kwenye mkeka na kusema, na mama alipojifungua mimi yeye ndiye aliyempikia uji kwa mwezi mzima. Lilikuwa deni refu ambalo kila mtu alilijua na hakuna aliyeliandika. Huo ndio undugu. Unaweza kuwa ghali kuliko mshahara.

Kazi nayo ina deni lake. Ukimwajiri mtu unamlipa bei mliyopatana, mnajua saa ya kuanza na ya kumaliza, ana siku ya kupumzika, akiugua hajafukuzwa. Halafu mkiachana hamdaiani. Kenya ina kima cha chini cha mshahara hata kwa wafanyakazi wa nyumbani, na nje ya miji mikubwa ni zaidi ya shilingi 8,000 kwa mwezi.

Mimi nilifanya nini? Ilipofika kulipa, nilisema sisi ni ndugu. Ilipofika kusomesha, nilisema ni mtu wa kazi. Kila neno nilichukua upande wake wa bei rahisi. Shangazi wa watu, mama wa watu, bosi wa watu, wote tunaufanya ujanja huu. Majina yanatusaidia: kwa Wakenya anaitwa dada au auntie, kwa Watanzania dada wa kazi, na kule kwetu wazee walisema boyi, ambalo angalau lilikuwa linatukana wazi. "Dada" lina utamu wa kuficha. Na sasa naelewa "motisha" ni mtoto wa familia hiyo hiyo. Ni neno linalokuja mahali ambapo mtu anataka kazi yako lakini hataki deni lake.

Hapa naomba niongee na ninyi wa mashirika mnaosoma jarida letu, kwa heshima. Wengi wenu mmewaacha watoto Eldoret, Kitale au Nairobi na dada wa kazi, ili mje kutulindia watoto wetu. Naye huyo dada mara nyingi ana mtoto wake amemwacha kijijini kwa nyanya. Ukifuata huo mnyororo mpaka mwisho, utakuta mtu mmoja ambaye halipwi kabisa: bibi mzee au binti wa kwanza. Sisemi mrudi nyumbani. Nasema tu kwamba wote tunasimama kwenye mgongo wa mtu, na ni vizuri kumjua jina na umri wake.

Na baba mtoto? Yeye hufanya vibarua vya ujenzi upande wa Kalobeyei. Miezi yote hiyo hakuna mtu aliyemuuliza, "Sasa mtoto unamwachia nani?" Hata mimi sikumuuliza. Pesa ya yaya tuliihesabu kwenye motisha yangu, kana kwamba mtoto ni deni langu peke yangu. Nilipomwambia hivyo alinyamaza siku mbili, halafu akasema siku asizo na kibarua atamshika yeye. Anamshika. Watu wa mfereji walimcheka wiki ya kwanza.

Sasa niseme tulichofanya, na msiniandikie sifa, kwa sababu mbele kuna sehemu mbaya. Kituoni na kwenye ofisi za jirani tulikuwa akina mama watano wenye watoto wadogo, na kila mmoja alikuwa na msichana wake wa "sabuni". Tulikaa chini tukachanga 1,320 kila mmoja. Ni 6,600. Tulimwendea yule mama wa Kiturkana, nikamwomba msamaha kwa kumfanya asubiri jibu ambalo halikuja, na tukamwendea koko. Kila mmoja anapata 3,300 kwa siku 22 za Jumatatu hadi Ijumaa. Ni shilingi 150 kwa siku, ile ile aliyoitaja tangu mwanzo. Wanakaa na watoto chini ya mwarobaini nyuma ya kituo, pamoja na mtoto wake yule mama, na tunanyonyesha bila mtu kuvuka laga. Tumeandika kwenye daftari saa za kazi na tarehe ya malipo, na wote wawili wametia kidole.

Bado 3,300 haifiki hata nusu ya kile sheria inachotaka. Hatulijivunii hilo. Lakini angalau tunaliita mshahara, ili tujue ni mdogo.

Msichana alirudi shule muhula wa tatu. Sheria ya ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inaruhusu kazi nyepesi kwa mtoto wa miaka 13 hadi 16 mradi isimzuie kusoma, kwa hiyo anakuja kwangu Jumamosi peke yake. Nampa 700 kwa mwezi, ambayo ni 175 kwa siku. Jumlisha na ule mchango wangu: 2,020. Shilingi 20 tu zaidi ya ile niliyokuwa natoa zamani! Miezi yote ile nilisema mfuko hauruhusu, na mfuko ulikuwa unaruhusu. Kilichokosekana ni kukaa chini na wenzangu na kuhesabu.

Sehemu mbaya ni hii. Yeye alikuwa anapata 2,000, sasa anapata 700. Mwezi wa nane mgao wa chakula ulipoanza kutolewa kwa makundi, nyumba ya shangazi yake ilipata kidogo sana. Shangazi alikuja kwangu jioni, hakukaa, akasema, "Wewe uliona haya mbele ya wazungu wako, ukatuondolea unga. Haya yako sisi tunaikula?" Sikuwa na jibu. Nilimpa unga kilo 2, na nilijua wakati natoa kwamba nilikuwa narudi kwenye mambo ya sabuni.

Kuna watu watasema shangazi hana haki, mtoto si wa kumfanyia kazi. Mimi siwezi kusema hivyo kirahisi. Kumtoa mtoto kwenye kazi bila kuuliza ile pesa ilikuwa inashika nini ni kutenda wema kwa mkono wa mtu mwingine. Yeye ndiye aliyelipia dhamiri yangu. Kama nilimwita mdogo wangu mwezi wa tatu, neno hilo haliishi mwezi wa sita kwa sababu nimegundua sheria. Niliingia kwenye undugu kwa mdomo, basi deni refu limebaki. Kwa hiyo sare nimenunua mimi, na vitambaa vya mwezi natoa mimi. Gredi ya 7 nikifika, nitaona. Naandika hapa ili mnaonijua mniulize.

Ndiyo maana jibu langu kwa lile swali si ndiyo wala hapana. Maskini anaweza kumwajiri maskini. Bila hivyo kambi hii ingesimama, na mama wengi wasingefanya kazi yoyote. Lakini kabla hujamkabidhi mtu mtoto wako, chagua neno. Ukisema ni mfanyakazi, taja bei, andika, lipa tarehe yake, na ukubali kama ni ndogo. Ukisema ni ndugu, jiandae kwa deni refu. Usichukue nusu ya huku na nusu ya huku.

Mtoto wangu sasa anatambaa. Jumamosi msichana akifika, mtoto anamkimbilia kwa magoti akiita "ya-ya, ya-ya". Sijui anasema kwa Kikenya au kwa Kikongo. Shangazi yake bado hanisalimii mferejini. Mimi namsalimia kila siku.